Je, Wajua? Bukini kwa Miguu

Je, wajua kwamba Madagaska ni kubwa kuliko Kenya? Kisiwa kina kilomita za mraba 587,000 hivi, Kenya ina 580,000. Visiwa vinavyokizidi duniani ni vitatu tu: Greenland, New Guinea na Borneo. Mabaharia wa pwani yetu walikiita Bukini na wakakiendea kwa majahazi karne na karne. Sisi wajukuu zao tunakijua kwa katuni ya simba aliyetoroka New York.

Na huyo simba, je, wajua kwamba kisiwani hayupo? Hayupo simba, chui, tembo, nyati, wala nyoka wa nchi kavu ambaye sumu yake inaua mtu. Ndiyo maana safari ya kule haifanani na ya Serengeti au Maasai Mara. Huku kwetu mtalii hukaa garini, akachomoza kichwa juu ya paa lililoinuliwa na kuhesabu wanyama kwa mbali. Kule kundi zima hushuka, hukaza kamba za viatu na kuingia msituni kwa mguu. Anayebaki garini ataona dereva akilala. Ila mamba wapo, kwa hiyo usijitose mtoni kabla ya kuuliza wenyeji.

Saa yako usiiguse. Antananarivo, Nairobi na Dar es Salaam zinafuata saa ile ile.

Je, wajua kwamba hifadhi za taifa za Madagaska haziingiliki bila mwongozaji wa palepale? Kiongozi uliyetoka naye mjini, hata akiwa bingwa namna gani, hatoshi. Langoni kundi hukabidhiwa mwenyeji, mara nyingi mtu aliyezaliwa kijiji cha jirani, na ndiye atakayewaonyesha njia, mnyama na mahali pasipokanyagwa. Katika baadhi ya hifadhi kuna pia watafutaji wanaotangulia alfajiri kuwasaka lemuri walikolala, kisha wanamwita mwongozaji alete wageni wake. Mimi nadhani hapa ndipo fedha ya utalii inapofanya kazi ya haki: inamlipa mtu kwa kuujua msitu wa kwao. Na utamhitaji kweli. Vingi vya kuonwa kule ni vidogo, vimetulia, na vina rangi ya jani au ganda la mti. Mgeni hupita navyo bega kwa bega asivione.

Je, wajua kwamba komba wetu, yule anayelia usiku kama mtoto mchanga, ni ndugu wa lemuri? Lemuri wa porini wana asili moja tu duniani, nayo ni Madagaska. Kisiwa kiliachana na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita na kikaachana na India miaka milioni 88 iliyopita. Wahenga wa lemuri walifika baadaye sana, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba walivuka Mlango-Bahari wa Msumbiji juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko. Ni masafa ya kilomita 400 hivi. Kwa muda mrefu watu walilipinga wazo hilo kwa sababu mkondo wa bahari wa sasa unasukuma kuja Afrika. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba enzi zile mkondo ulielekea mashariki. Waliovuka hawakukuta kima wala nyani wa kuwanyang'anya chakula, wakazaana hadi leo kuna aina zaidi ya 100.

Makundi mengi huanzia mashariki, Andasibe, kilomita 140 hivi kutoka mji mkuu, ndipo yarudi na kushika barabara ya RN7 kuelekea kusini. Andasibe ndiko aliko indri.

Je, wajua kwamba indri, lemuri mkubwa kuliko wote walio hai, huimba? Ana kilo 9 hivi, manyoya meusi na meupe, na mkia mfupi wa kuchekesha. Asubuhi baba, mama na watoto hupaza sauti kwa zamu na kwa pamoja, mlio mrefu unaopanda na kushuka, unaosikika kilomita 2 na zaidi. Familia ya bonde la pili inajibu. Kundi la watalii ambalo dakika moja nyuma lilikuwa linalalamikia utelezi hunyamaza lenyewe. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba nyimbo hizo zina mapigo yaliyopangwa kwa uwiano, jambo ambalo tulizoea kulidai kuwa la muziki wa binadamu.

Indri hafugiki. Hakuna bustani ya wanyama ng'ambo yenye hata mmoja, kwa hiyo anayetaka kumsikia lazima amfuate kwake.

Je, wajua kwamba amelindwa na mwiko kabla ya kulindwa na sheria? Wabetsimisaraka wa mashariki wanamwita babakoto, na wana visa vingi vinavyomfanya ndugu wa binadamu. Kumla ni fady, yaani mwiko, na fady si mchezo: kuna siku fady, vyakula fady, misitu fady. Mwongozaji akikukataza kuelekeza kidole kilichonyooka kwenye kaburi, kikunje. Usimwombe ushahidi.

Lakini mwiko hukata huku na huku. Yupo lemuri wa usiku aitwaye aye-aye, mwenye masikio ya popo, meno yanayokua maisha yake yote kama ya panya, na kidole cha kati chembamba kama waya. Hugongagonga gogo kwa kidole hicho, husikiliza penye uwazi ndani, hutoboa kwa meno, kisha huvuta funza kwa kidole kile kile. Fundi hodari hivyo, na bado vijiji vingine humwona mkosi na kumuua akionekana.

Matembezi ya usiku ndani ya hifadhi za taifa hayaruhusiwi. Makundi hutembea kando ya barabara au kwenye misitu inayosimamiwa na vijiji. Andasibe chama cha wenyeji kiitwacho Mitsinjo hufanya kazi hiyo, na pia hupanda upya miti ya asili na kuzalisha vyura walio hatarini. Vaa tochi ya kichwani, tembea polepole, tafuta macho yanayong'aa.

Je, wajua kwamba kinyonga ni rahisi kumpata usiku kuliko mchana? Akilala hupauka na kukaa ncha ya kitawi, na mwanga wa tochi humfichua papo hapo. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani ziko Bukini. Tena tuache kumsingizia kwamba hubadili rangi ili afanane na alipokaa. Mara nyingi anajionyesha kwa jike, anatishia dume mwenzake au anatafuta joto. Utafiti wa 2015 juu ya kinyonga wa Madagaska uligundua kwamba ngozi yake ina fuwele ndogo mno ambazo huzisogeza karibu au mbali, na mwanga unaorudishwa hubadilika rangi.

Mdogo kuliko wote? Brookesia nana, aliyetangazwa mwaka 2021. Dume lake, ukiacha mkia, lina milimita 13.5. Linakaa juu ya kucha yako na nafasi inabaki.

Je, wajua kuhusu Furcifer labordi wa kusini-magharibi? Huyu kinyonga huanguliwa mvua zinapoanza, hukua, hupigana, huzaana na kufa, vyote ndani ya miezi 4 au 5. Miezi iliyobaki hakuna hata mmoja anayetembea duniani. Jamii nzima imo ndani ya mayai, chini ya mchanga.

Kuna mdudu jamii ya fukusi mwenye shingo ndefu kama ya twiga, na dume ndilo lenye ndefu zaidi. Jike hukunja jani kwa ustadi, hutaga yai moja ndani na kulifunga. Mwongozaji atakuonyesha ukubwa wake kwa kukiweka kidole chako kando: sentimita 2.5.

Je, wajua kwamba buibui mmoja wa Andasibe hujenga utando unaovuka mto? Anaitwa buibui wa Darwin, na alielezwa kisayansi mwaka 2010. Jike huachia uzi uchukuliwe na upepo hadi unase ng'ambo, kisha huufanya daraja. Nyuzi za namna hiyo zimepimwa hadi mita 25. Katika nyuzi za asili zilizowahi kupimwa, huu ndio mgumu kukatika kuliko zote. Hunasa wadudu wanaopita katikati ya mto, mahali ambapo buibui mwingine hana la kufanya. Ukiwa umesimama darajani unapiga picha, angalia usije ukavaa kazi yake usoni.

Tukitaja Darwin, kuna kisa ambacho waongozaji hawakichoki, na wana haki. Mwaka 1862 Charles Darwin, aliyekuwa ametumiwa ua la okidi kutoka Madagaska, aliona lina mrija wa karibu sentimita 30 na asali kidogo iko mwisho kabisa. Akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliocheka. Darwin akafa mwaka 1882 bila kumwona. Nondo akatangazwa mwaka 1903. Kwa zaidi ya miaka 100 alihesabiwa kuwa kabila tu la nondo wa Afrika bara, hadi mwaka 2021 watafiti walipomtenga kuwa aina yake mwenyewe, Xanthopan praedicta. Wa bara, ambaye yuko pia Afrika Mashariki, ana ulimi mfupi zaidi. Hatukuwa na ua la kumdai urefu.

Je, wajua kwamba lemuri huchavusha maua? Mti wa msafiri, ule wenye majani yaliyopangwa kama upepeo, huchavushwa na lemuri anayebenua ua, anaingiza mdomo kunywa asali na kuondoka na chavua kwenye manyoya. Mbegu zake zina ganda laini la rangi ya buluu.

Sasa RN7. Ni kilomita 950 hivi hadi Toliara, na njiani kuna mchepuko wa kwenda hifadhi ya Ranomafana.

Je, wajua kwamba hifadhi hiyo ilianza na mla sumu? Mwaka 1986 mtafiti Patricia Wright alimkuta msituni humo lemuri wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa imemjua. Chakula chake kikuu ni mianzi michanga, na mianzi hiyo ina sianidi. Kwa siku hula kiasi ambacho, kwa uzito wake, kingemuua mara 12 hivi. Haumwi hata tumbo. Mwaka 1991 msitu wake ukawa hifadhi ya taifa.

Soksi ndefu, tafadhali, na suruali iingie ndani ya soksi. Misitu ya mvua ina ruba wadogo wanaongoja kwenye majani, na hawabagui pasipoti.

Je, wajua kwamba kati ya lemuri jike ndiye mwenye kauli? Alison Jolly, aliyeanza kuwachunguza lemuri mkia-pete katika hifadhi ya Berenty mwaka 1963, aliona majike wakiwapiga madume makofi na kuwanyang'anya matunda, na madume wakipisha. Wakati huo vitabu vya wanasayansi vilishikilia kwamba katika jamii ya nyani na kima dume ndiye mtawala. Madume ya mkia-pete hutafutana ubabe kwa njia nyingine: hupaka mkia harufu kutoka kwenye tezi za mikono, kisha hupepeana uvundo hadi mmoja ashindwe. Nimejaribu kufikiria mikutano fulani ikiendeshwa hivyo, nikaona huenda ingeisha mapema.

Kwa kuwaona kwa karibu, makundi mengi husimama Anja, karibu na Ambalavao. Si hifadhi ya taifa. Ni msitu mdogo chini ya majabali, ambao wanakijiji wenyewe waliamua kuuacha usikatwe, wakaunda chama na kuwa ndio waongozaji. Mwaka 2012 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mabanda ya mifugo, mashamba ya mpunga, na lemuri juu ya mwamba wakiota jua wamenyoosha mikono: vyote unavitazama ukiwa umesimama mahali pamoja.

Isalo, mbele zaidi, ni jiwe la mchanga lililochongwa na maji kuwa makorongo, na baada ya saa kadhaa za jua kali kundi hujikuta kwenye kidimbwi cha maji baridi kati ya miti ya jamii ya mnazi na feri. Tazama juu ya miamba: mapango mengine ni makaburi ya Wabara, wafugaji wa eneo hilo, ambao hupandisha mifupa ya wazee wao mahali pasipofikika. Kidole kikunje.

Je, wajua kwamba kusini kulikuwa na ndege ambaye yai lake moja lingetosha kimanda cha kundi zima na dereva? Yai la ndege-tembo lilibeba lita 10 hivi, sawa na mayai 150 ya kuku. Alitoweka miaka 1,000 hivi iliyopita, na vipande vya maganda bado hupatikana kwenye fukwe za huko. Ungedhani ndugu yake wa karibu ni mbuni wetu. Vinasaba vilivyochunguzwa mwaka 2014 vilisema ni kiwi wa New Zealand, ndege wa ukubwa wa kuku.

Undugu wa Bukini ndivyo ulivyo, hautabiriki kwa sura. Tenreki ana miiba mgongoni na pua ndefu, mtu wa huku angeapa kwamba ni kalunguyeye. Hata kidogo. Yuko ukoo mmoja na tembo, pimbi na muhanga.

Na mbuyu? Je, wajua kwamba duniani kuna aina 8 za mibuyu, na 6 kati yake ziko Madagaska peke yake? Moja iko Australia, na moja ndiyo hii yetu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mibuyu yote asili yake ni Madagaska, na kwamba mbegu zilivuka bahari. Basi ubuyu unaomung'unywa Zanzibar ni wa mhamiaji wa siku nyingi.

Karibu na mji wa Morondava, magharibi, kando ya barabara ya vumbi, mibuyu zaidi ya 20 imejipanga, mingine ikifika mita 30. Hakuna kundi linaloacha kupiga picha pale jua likitua, na picha huwa nzuri mno. Kisichoonekana katika picha ni msitu. Mibuyu hiyo haikuota peke yake kwenye uwanda mtupu. Ilikuwa ndani ya msitu mnene, miti mingine ikafyekwa kwa mashamba na yenyewe ikaachwa. Natamani kila mwongozaji aliseme hilo kabla ya kuhesabu moja, mbili, tatu.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Kirindy, kuna lemuri mdogo mwenye mkia mnene ambaye hulala miezi hadi 7 ya kiangazi ndani ya shimo la mti, akila mafuta aliyoyahifadhi mkiani. Kabla ya utafiti wa mwaka 2004, hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mnyama wa jamii yetu anaweza kulala hivyo katika nchi za joto. Msitu huo huo umejulikana kwa lemuri wa gramu 30, mdogo kuliko jamaa zote za nyani na binadamu zinazojulikana. Na una fosa, mwindaji wao, anayefanana na paka mrefu lakini ni ndugu wa nguchiro. Vifundo vya miguu yake hugeuka, naye hushuka mti kichwa kikitangulia.

Lakini fosa si tishio lao kubwa. Mwaka 2020 orodha ya IUCN ilihesabu aina 107 za lemuri, na 103 kati yake zilikuwa hatarini, 33 zikiwa ukingoni kabisa. Sababu kuu ni misitu kukatwa na uwindaji.

Je, wajua Tsingy ya Bemaraha? Ni msitu wa mawe. Chokaa iliyokuwa chini ya bahari iliinuliwa, maji yakala mapango ndani yake na mvua ikachonga kutoka juu, hadi vikabaki visu vya jiwe vilivyosimama wima, vyembamba na vikali, makumi ya mita kwenda juu. UNESCO iliiandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1990. Kutoka Morondava hadi Bekopaka, langoni kwake, ni kilomita 200 hivi na siku nzima, kwa sababu barabara ni ya udongo na mito miwili lazima ivukwe kwa pantoni. Masika hapafikiki kabisa. Ukishafika unafungwa mkanda wa usalama kiunoni, unajinasa kwenye waya wa chuma, unapanda ngazi, unapenya nyufa ambazo mtu mnene huzipita ubavu, unavuka daraja la kamba huku chini kukiwa na hayo mawe. Kundi huenda kwa mwendo wa mwoga wake. Na juu yao sifaka, lemuri mweupe, anaruka kutoka ncha hadi ncha bila mkanda.

Mimea mingine ya kule tayari tunayo. Mkrismasi, ule mti unaowaka maua mekundu Dar es Salaam kila Desemba, asili yake ni misitu mikavu ya Bukini. Vilevile lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota hata kwenye nyufa za saruji uani kwenu: ndani yake zilipatikana dawa vincristine na vinblastine, zinazotibu saratani ya damu ya watoto na nyinginezo.

Je, wajua kwamba ng'ombe wa nundu wa Madagaska walitoka Afrika? Wamalagasi wenyewe ni uzao wa watu waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na wengine waliovuka kutoka upande wetu. Huko kaskazini-magharibi kuna magofu ya Mahilaka, mji wa bandari uliozungushiwa ukuta wa mawe, uliofanya biashara na miji ya Waswahili. Vyungu vya jiwe laini vilivyochongwa Bukini vimefukuliwa hadi Kilwa.

Na kama nauli haipo mwaka huu, kuna msafiri wa kule anayekuja mwenyewe. Ni ndege wa madimbwini, jamii ya yangeyange, ambaye hutaga Madagaska akiwa mweupe pe mwenye mdomo wa buluu, kisha kati ya Mei na Oktoba huhamia Kenya, Tanzania na nchi jirani akiwa amebadili manyoya. Ni wachache na wamo hatarini. Akiwa huku anavaa michirizi ya kahawia na kuchanganyika na binamu yake mwenyeji anayefanana naye sana, kwa hiyo tazama mdomo, wa mgeni ni mnene zaidi, na michirizi ya kifua chake ni mizito na ya rangi iliyokolea. Akiruka, mabawa yake ni meupe.